Fonti nzuri, ila ng'ombe ameishinda

Nikiri kabisa: fonti hii, yaani mtindo wa herufi za kompyuta, niliinunua kwa tamaa ya macho. Kwenye picha ya tangazo herufi zinayumba kama zimechorwa na mtoto wa chekechea, a ina kitambi, k imerusha mguu. Nikatoa hela bila kujaribu hata neno moja. Hapa Mwanza kazi zangu ndizo hizohizo, kadi za besidei, stika, mabango ya migahawa, nikasema nimepata.

Akaja mama mmoja wa supu. Bango la fleksi, mita tatu, maneno ni SUPU YA NG'OMBE basi. Nilikuwa nimelipanga kwa fonti nyingine, dakika ya mwisho nikaweka hii mpya, nikatuma kuprinti usiku bila kukagua (hilo ni kosa langu, sawa). Asubuhi tunalikunjua mbele ya mteja: NG, kiboksi kitupu (ndicho kinachotokea fonti isipokuwa na alama fulani), OMBE. Kiboksi kikubwa kama sinia. Mama akakitazama, akaniuliza, "Mwanangu, ng'ombe wangu umemwekea dirisha?" Bodaboda waliokuwa wanasubiri supu walicheka mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu mstari mmoja: hii ni fonti ya mapambo, tumia herufi za kawaida. Za kawaida! Kung'aa, kung'oa, ng'ambo, na huku Usukumani hadi majina ya watu, yote hayo si ya kawaida? Fonti ya Comic Sans mnayoicheka kila siku, aliyoichora Vincent Connare pale Microsoft mwaka 1994 baada ya kuona mbwa wa katuni anaongea kwa fonti rasmi ya Times New Roman, haijawahi kuninyima ng' hata siku moja.

Tena andika MAANDAZI uone. Zile A mbili za mwanzo ni pacha, zimeinama upande uleule, kitambi kilekile. Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Fonti za mkono zilizotengenezwa kwa makini huwa na maumbo mawili matatu ya herufi moja, yanapokezana yenyewe.

Sasa juzi, katika kuhangaika, nimegundua kwamba alama ya ng' isiyokuwemo ni ile iliyopinda, ambayo programu yangu huiweka yenyewe ninapoandika. Iliyonyooka imo! Ningezima kitu kimoja tu kwenye mipangilio. Nikaanza kumwonea aibu muuzaji, halafu nikajiuliza, yeye alishindwa nini kuniambia hivyo? Hasira ikarudi upya.

Kwa bango lenyewe, mama hakukubali kusubiri la pili. Nilibandika stika nyeupe juu ya kiboksi nikachora kialama kwa maka peni, na liko pale mpaka leo.

Nyota mbili. Kwa besidei ya mtoto nne, maana herufi zake bado zinanichekesha, na jana nimeitumia tena. Mtoto anaitwa Neema, hana ng' popote. E zake mbili lakini ni pacha.