Nywele za mita 21: msusi wa Mtwara nimeshikwa pabaya

Haya wapendwa, karibuni tena saluni. Nipo hapahapa Chikongola, na hiyo sauti mnayoisikia ni feni, mnivumilie, bila feni hapa hapakaliki. Mmezoea nawachambulia mafuta, rasta na dawa za nywele. Leo bidhaa ni filamu. Tena katuni. Msicheke.

Binti wa kaka yangu yuko likizo. Kaja na flashi, kaichomeka kwenye runinga ya saluni hata hajaniomba. Inaitwa Tangled, ya Disney, ya mwaka 2010. Mimi nina kichwa cha watu mkononi, nasuka twende kilioni, nikasema basi, dakika 100 za binti mfalme kulia dirishani. Hadithi yenyewe ni Rapunzel, ile ya ndugu wa Kijerumani, akina Grimm, waliyoichapisha 1812: msichana kafungiwa mnarani, anashusha nywele, mchawi anazipandia. Nikaipa runinga mgongo.

Kilichonigeuza ni nywele. Nimeshika vichwa miaka 16, nywele za uongo nazijua kutoka ng'ambo ya barabara. Katuni nyingi nywele ni kofia, mtu anakimbia na kichwa kimetulia kama kimepakwa gundi. Huyu akigeuka, nywele zinachelewa kidogo, halafu zinafuata, ncha ndiyo inamalizia. Akizivuta sakafuni zinajikunja zenyewe juu ya zenyewe. Akizitupa juu ya boriti zinaning'inia kama kitu chenye uzito. Nikasimamisha kusuka. Mteja akauliza, "Dada, vipi?" Nikamwambia subiri.

Nikaenda kufuatilia. Kumbe kompyuta haijui unywele ni nini. Lazima uielekeze kwamba huu usipite katikati ya huu, usizame begani, usitoboe sakafu. Ukitaka ipige hesabu ya kila unywele haimalizi, kwa hiyo wanaendesha nyuzi chache za kuongoza, nyingine zinazifuata. Si ndivyo tunavyogawa mafungu kabla ya kusuka? Na kwenye timu ile kulikuwa na mama mmoja, Kelly Ward, ambaye shahada yake ya uzamivu aliifanyia nywele za kompyuta. Daktari wa nywele, jamani! Mimi nyumbani niliambiwa ususi ni kazi ya aliyeshindwa shule.

Malalamiko yangu ya kifundi sasa. Nywele zinakaribia mita 21. Anafika mjini, watoto wanne wa kike wanamsuka na maua juu, kufumba na kufumbua wamemaliza. Mimi rasta ndogondogo za kichwa kimoja zinanila siku nzima! Na anatembea peku msituni anaziburuta, hata jani halinasi. Aje aziburute kwenye mchanga wa hapa tuone. Tena ustadi wote huo umeenda kwenye nywele za singa. Kipilipili ndicho kigumu, mtaalamu angeanzia hapo.

Mchawi mwenyewe, Gothel, ndiye aliyenikamata kuliko wote. Watu wa Kusini mtanielewa nikisema ni kangomba. Kwa walioko mbali: kangomba ni yule anayekuja kwako kipindi cha njaa na vihela kidogo, anakuonea huruma kweli, msimu ukifika korosho zako ni zake. Karibu filamu nzima Gothel hampigi mtoto wala hamfungi. Anamwita ua lake, anamwambia dunia ni mbaya, kaa na mama, na nywele hizo ndizo zinazomrudisha ujana kila akianza kuzeeka. Nilimchukia mpaka nikamvuta mteja nywele. Nimeshamwomba radhi.

Halafu zile taa. Kila siku yake ya kuzaliwa msichana anaona taa zinapaa mbali angani, na akikaribia miaka 18 anataka akazione kwa karibu. Ukikaa ufukweni Shangani, hapahapa Mtwara, siku za giza, ukatazama taa za wavuvi wa dagaa zilivyojipanga huko baharini, nusu umeshaipata. Nusu nyingine ni kwamba hizi zinapanda, na msichana na Flynn, yule mwizi anayemsindikiza, wako kwenye mtumbwi katikati yake. Wimbo wa pale alitunga Alan Menken, ukaingia kugombea Oscar. Saluni nzima kimya, feni tu. Mama mmoja aliyekuja kuosha kichwa akafuta macho na taulo langu.

Wale majambazi mapacha wangetolewa nisingejua wameenda wapi. Na karibu na mwisho kuna mtu anachomwa kisu, mwenye mtoto mdogo akae naye.

Ila nywele nawapa kumi kwa kumi, na mnajua mimi sina mazoea ya kugawa kumi.

Binti yetu sasa anataka nimsuke za urefu uleule. Nimempigia hesabu ya pakiti za rasta, mita 21 kwa bei ya siku hizi. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza babu yake kule Tandahimba mwaka huu kavuna magunia mangapi ya korosho.