Madoa ya maji kwenye gari jeusi: siki, kemikali na mashine ya polishi nilivyovitumia Dodoma

Mwenye gari jeusi hapa Dodoma hahitaji kuelezwa madoa haya ni yapi. Unaosha gari asubuhi, linang'aa, unaliegesha juani, na saa sita mchana boneti, rufu na milango vimejaa viduara vyeupe. Unaosha tena kwa shampuu, havitoki. Unasugua kwa taulo, havitoki, na sasa mikwaruzo nayo imeongezeka. Gari langu ni Toyota Harrier nyeusi. Nimejaribu siki ya jikoni, kemikali iitwayo Spotless ya kampuni ya CarPro, na mwishoni mashine ya polishi kwenye sehemu chache tu. Msimamo wangu niuseme mapema: tindikali nyepesi itangulie, mashine iwe ya mwisho kabisa. Mafundi wengi wanafanya kinyume, na anayeumia ni mwenye gari.

Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na nyumba nyingi zina visima vyake vya kuchimba. Maji yanayokaa ardhini hubeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba na udongo. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yakiwa na chini ya miligramu 60 za kalsiamu kaboneti kwa lita huitwa laini. Yakizidi 180 huitwa magumu sana. Tone likikauka juu ya rangi, maji huruka na madini yote hubaki pale pale. Chumvi ya kawaida ingeyeyuka tena gari likimwagiwa maji, lakini chokaa, yaani hiyo kalsiamu kaboneti, haiyeyuki, ndiyo maana kuosha upya kwa maji yale yale hakusaidii chochote. Ule ukoko mweupe ulio ndani ya birika lako ndio huo huo ulioko kwenye boneti.

Hali ya hewa yetu inazidisha tatizo. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu, kuna upepo, na bati la gari jeusi lililoachwa juani linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Kijana wa kuosha akimaliza upande mmoja, upande wa kwanza umeshakauka wenyewe kabla ya kufutwa.

Nilianza na siki nyeupe, ile yenye asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi. Niliichanganya na maji nusu kwa nusu, gari likiwa kivulini na bati limepoa kiasi cha kuwekea kiganja bila shida. Nililowanisha kitambaa cha maikrofaiba, nikakilaza juu ya madoa kwa dakika moja au mbili, nikafuta taratibu bila kukandamiza, kisha nikasuuza na kuosha kwa shampuu. Asidi inaigeuza chokaa kuwa kitu kinachoyeyuka majini, huku hewa ya kaboni dayoksaidi ikitoka kwa mapovu madogo. Madoa mapya, ya wiki hiyo, yalitoka karibu yote. Ya zamani yalififia tu. Siki pia huondoa nta, kwa hiyo baada ya kazi hiyo paka nta upya, la sivyo rangi inabaki wazi.

Ndipo nikaagiza Spotless kutoka Dar es Salaam. Bei yake si ya kulinganisha na chupa ya siki, na kwa mtu mwenye madoa machache siwezi kumshauri aitoe. Kwangu ilistahili. Inatumika vilevile kivulini na kwenye bati baridi: unaweka kidogo kwenye kitambaa, unapaka sehemu ndogo, tuseme robo ya boneti, unaiacha muda mfupi, unafuta, unasuuza kwa maji mengi kabla haijakauka. Usiiache ikauke kamwe. Vaa glavu na usiinamie karibu mno, kwa maana ni tindikali. Kwenye mlango wa dereva, ambako siki ilikuwa imeacha viduara vya kijivu, nilipaka mara ya pili na rangi ikarudi nyeusi safi. Nilifurahi sana, kwa sababu fundi mmoja alikuwa ameshautazama mlango huo huo na kuniambia, "Dada yangu, hapa ni mashine tu, hakuna dawa nyingine."

Jambo hilo nataka wenye magari walielewe vizuri. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Kwenye rangi ya kiwandani unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Klia ndiyo inayozuia jua lisile rangi. Mashine ya polishi pamoja na kompaundi, yaani krimu yenye chembe za kukwangua, haiondoi doa lenyewe. Inakwangua klia mpaka ilingane na chini ya doa. Polishi nyepesi huchukua mikroni moja hadi tatu, kompaundi kali huchukua zaidi, na kilichochukuliwa hakirudi. Gari linalopigwa mashine kila madoa yanapotokea, katika mji ambao madoa hutokea kila linapooshwa, litafikia siku ambayo klia imekwisha kwenye kingo za boneti. Magari ya namna hiyo yapo mengi barabarani, rufu imepauka na kuanza kubanduka kama ngozi, na hapo tiba ni kupaka rangi upya.

Hata hivyo kuna madoa ambayo tindikali haiyamalizi, iwe ya duka gani. Chokaa ikikaa muda mrefu na jua likaendelea kuichoma, inaing'ata klia na kuacha kishimo. Utakijua kwa njia hii: baada ya tindikali na kuosha, pitisha kidole. Kama pako laini kabisa lakini ukimulika kwa tochi bado unaona pete, chokaa imeshaondoka na kilichobaki ni alama ndani ya klia. Kuongeza tindikali hapo ni kupoteza pesa. Rufu yangu ilikuwa na alama za namna hiyo upande mmoja. Kwa hizo nilikwenda kwa fundi mwingine, mwenye kipimo cha unene wa rangi. Alipima kwanza, akanionyesha namba, akanieleza kwamba kipimo kile kinasoma tabaka zote kwa pamoja na si klia peke yake, kisha akatumia sponji laini na Ultimate Compound ya Meguiar's badala ya kuanza na pedi ya manyoya. Pete nyingi zilipotea. Zile chache za ndani sana aliziacha, akasema kuzifukuza kungekula klia bila sababu. Fundi anayejua kusimama namna hiyo namwamini na gari langu.

Usikubali mtu akupakie dawa ya kusafishia choo. Nimeona ikifanyika, na inatoa chokaa kweli, kwa sababu nyingi zina asidi ya hidrokloriki. Lakini asidi hiyo inaharibu kromu, inashambulia alumini ya rimu, na ikipenya kwenye mchubuko inaanzisha kutu. Ndimu ni salama zaidi kwa maana ya nguvu, ila sukari na nyuzinyuzi zake zinaacha uchafu mwingine. Siki ni bora.

Siku hizi madoa yananipata kwa nadra, na sababu kubwa si chupa yoyote. Naosha alfajiri au jioni, naosha sehemu na kuisuuza na kuikausha kabla ya kuhamia nyingine, na taulo la maikrofaiba lenye manyoya marefu linanyonya maji bila kusugua. Msuuzo wa mwisho kwenye boneti na rufu nautia maji ya betri, yale yaliyosafishwa madini yanayouzwa vituo vya mafuta. Lita chache kwenye chupa ya kupulizia zinatosha. Soma lebo kwa makini: unataka maji ya kuongezea, si tindikali ya kujazia betri mpya. Msimu wa mvua nakinga maji ya bati, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la paa, na hayo yanafanya kazi hiyo hiyo bure.

Kuna wanaouza huduma ya kupaka seramiki, tabaka la kinga juu ya rangi, wakiahidi kwamba madoa hayatashika tena. Seramiki inafanya maji yajikusanye matone matone, na tone lililosimama juani linakauka na madini yake kama kawaida. Seramiki inarahisisha kuyatoa madoa, hilo nakubali. Haikuondolei kazi ya kukausha.

Kwenye vioo Spotless ilinisaidia nusu. Vioo vya milango vilisafika, kioo cha mbele kikabaki na ukungu pale wipa zisipofika, na huo uliondoka kwa unga wa oksidi ya seriamu uliolowekwa kwa maji na kusuguliwa kwa pedi ya kioo. Unga huo ni wa kioo tu, usiuguse kwenye rangi. Chupa yangu ya Spotless bado ina zaidi ya nusu. Mwenye gari jeupe au la fedha asiagize: anunue siki, taulo zuri na maji ya betri, na abakize pesa yake.