Kerezo dogo la chuma 7x12, miezi 14 nnalo hapa Bububu

Kama unatafuta kerezo la chuma, yaani mashine inayozungusha chuma huku kisu kinakichonga, la kuweka nyumbani, ulichomeke leo na leo hii hii uanze kazi, hili silo, nakwambia mapema kabla hujatoa pesa yako. Lakini kama unapenda chuma khasa na una wiki mbili za kukaa nalo ulitengeneze kwanza, mie langu siliuzi hata uje na bei mara mbili.

Nazungumzia zile mashine ndogo za Kichina zinazoitwa 7x12, zinauzwa kwa majina chungu nzima na rangi mbali mbali lakini ndani karibu ni kitu kimoja. Hiyo 7 ni inchi za upana wa kitu kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda (zile reli za chini), kama milimita 180, na 12 ni urefu baina ya kichwa kinachozungusha chuma na mkia unaokishika upande wa pili, milimita 300 hivi. Usiihesabu sana hiyo 180 lakini, maana ukifika juu ya slaidi inayobeba kisu inabaki kama 110 tu. Mota ya langu imeandikwa wati 550, uzito karibu kilo 40, watu wawili wanalibeba bila tabu. Nlinunua kwa muuzaji wa mtandaoni, likaja Dar, likavuka na boti mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja, na mpaka linaingia kibandani kwangu lilishakula milioni 2 na laki 4.

Ukifungua kreti unakuta limepakwa grisi nyekundu inanata kama haluwa. Hiyo si ya kulainishia, imewekwa kuzuia kutu safarini tu, kwa hivo usiwashe mashine nayo. Mie nlichukua lita 2 za mafuta ya taa na brashi ya rangi nikalifungua slaidi moja moja nikaosha, na chini ya slaidi kubwa nikakuta chembe za chuma zimeganda ndani ya grisi, ningeliwasha hivo hivo zingekwaruza kitanda chote. Slaidi yenyewe ilikuwa inacheza, ukiishika kwa mkono unaisikia, basi nikatoa vile vibati vya kubania vilivyo pembeni nikavisugua kwa msasa wa maji juu ya kioo mpaka vikalala sawa, nikavirudisha nikakaza parafujo kidogo kidogo huku nasogeza. Chaki ya taya 3, ile inayobana chuma kichwani, nilipoiwekea saa ya kupimia, sindano ilicheza 0.09 mm, kuifungua nyuma nakuta pahala inapokaa pana kijino kimesimama, nikakipitisha tupa laini, ikashuka 0.04. Kwa chaki ya bei hii 0.04 ni nzuri sana mie siombi zaidi.

Kilichonichukulia muda zaidi ni mkia. Nlikereza fimbo ya mm 25, urefu 150, kisha nikapima kwa maikromita, upande wa mkia ni mnene zaidi kwa 0.08. Maana yake mkia umekaa mbali na kisu, na hapa watu wengi wanakosea, wanausogeza 0.08 nzima, wakati kisu kinakula pande zote za fimbo kwa hivo unasogeza nusu yake, 0.04 tu. Nikalegeza, nikagonga kwa nyundo ya mbao, nikakereza tena, nikapima tena, mara ya 5 ikakaa.

Sasa malalamiko. Mota ni ya DC na inaendeshwa na bodi ndogo ndani ya kisanduku, na bodi hiyo haistahamili umeme unaoruka. Mwezi wa pili tangu nilipate, umeme ulikatika mchana ukarudi kwa nguvu, nikasikia tap, harufu ya kuungua, kwisha. Nikamtumia muuzaji picha na vidio, mara ya mwanzo alijibu vizuri, ikisha kimya mpaka leo wallahi. Bodi nyengine nikanunua mwenyewe laki 1 na 80 nikaingoja wiki 5. Hili limeniuma kwa sababu ilikuwa ndani ya muda aloniahidi mwenyewe wa kubadilisha vipuri. Siku hizi nnayo stebilaiza na umeme ukikatika tu nabonyeza kitufe chekundu nachomoa na plagi, narudisha ukishatulia. Giya za ndani ni za plastiki, wengine wanazilaumu, mie naziacha makusudi maana kisu kikikwama linavunjika jino la plastiki badala ya kuungua mota.

Na kutu, ndugu zangu. Mie sipo mbali na pwani, na masika hewa yenyewe imeloa. Usiku mmoja nlifunga kazi nimechoka nikaegemea kitanda kwa mkono wenye jasho, nikasahau kufuta. Asubuhi nakuta vidole vyangu vinne vimechorwa kwa kutu juu ya chuma, mistari ya ngozi yote inaonekana. Nikasugua na mafuta yakatoka lakini kivuli chake kipo mpaka leo. Usifunike kwa nailoni, chini yake kunatoka jasho, kutu inazidi. Mie nafunika kwa kanga kuukuu iliyolowa oili, na sikosi kufuta kila nikimaliza hata kama nimefanya kazi dakika 10.

Visu vinavyokuja ndani ya boksi viweke pembeni. Vile vya ncha ngumu ya kubandikwa vinataka mashine kubwa isiyotetemeka. Nunua vipande vya HSS, chuma kigumu cha kutengenezea visu, unoe mwenyewe kwenye grainda, vinakata kwa upole. Kwa chuma laini cha mm 25 zungusha kama mizunguko 300 kwa dakika, shaba ya manjano unaweza kupita hata mara mbili ya hapo. Kukata kipande kukitoa ndipo linapolia, punguza mwendo, tia mafuta, kisu kitoke nje kidogo kadiri inavyowezekana. Hesi, yale meno ya parafujo, langu linakata vizuri, parafujo yake ndefu inayosukuma slaidi ni ya hatua 1.5 mm kwa hivo M10, yenye hatua hiyo hiyo, inatoka moja kwa moja, M8 unabadilisha giya na hufungui ile nati inayoshikia slaidi kwenye parafujo ndefu, unarudisha mota kinyume mpaka umalize.

Kilichonifanya nilipende ni bushi ya boti ya ami yangu, ile pete ambayo shafti inazunguka ndani yake. Ya zamani alitengenezewa kwa shaba ya manjano na maji ya chumvi yakaila zinki, ilobaki nyekundu inamegeka kwa kucha. Nikamwambia, "Ami, hii lazima iwe bronzi," akenda akatafuta kwenye vyuma chakavu akaja na kipande cha propela ya zamani. Shafti yake mm 25, nikatoboa kwa keekee ya 20 kisha nikapanua kwa kisu cha ndani mpaka 25.10, nje 38. Alikuja mwenyewe kibandani, akaivisha kwenye shafti akaizungusha kwa kidole kimoja, ikazunguka bila sauti. "Mwanangu, ishakaa hii." Huu ni mwezi wa 8 tangu iingie baharini na haijatoa mchezo.

Ukilinunua agiza na bodi ya akiba na chaki ya taya 4 pamoja, usafiri ni ule ule. Miwani usivue. Na mtu yoyote asilisogelee na kanzu wala shuka likiwa linazunguka, mie mtoto wa dada yangu alikuja ametoka msikitini Ijumaa akainama kutizama, mkono wa kanzu ulikuwa kama inchi moja na chaki, nikalizima kwa kiganja. Kibandani kwangu sasa kuna msumari mlangoni wa kutundikia makanzu.