Kibanda cha ukwaju Kibokoni, kwa sie tusiokunywa chai na bado tuna maswali

Kibanda chenyewe hakina jina wala kibao. Kiko Mji wa Kale wa Mombasa upande wa Kibokoni, ukitokea Fort Jesus watembea kidogo tu kisha uliza mama wa ukwaju, hata mtoto atakuonyesha. Nimekuwa nikienda kila Jumamosi alasiri karibu mwaka mzima sasa, naona nina haki ya kukiandikia rivyu, na nawaandikia hasa wenzangu wa kanisani ambao mna jambo limewakaa kifuani na hamjui mtaliongelea wapi.

Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wengi mwatujua kama Wamormoni. Chai hatunywi, kahawa hatunywi, ni Neno la Hekima, sheria tuliyo nayo tangu 1833. Sasa hebu fikiria Mombasa hii mtu akiwa na neno zito anakwambia njoo barazani tunywe kahawa, mzee anapita na dele lake anagonga vikombe, kila mtu anapokea chake na wewe umeketi mikono mitupu waulizwa kwani unaumwa. Mazungumzo yote yageuka kuwa ya chai yako, lile lililokuleta likafa hapo hapo.

Kwa huyu mama hakuna maswali. Ukwaju anauloweka usiku kucha, asubuhi anaufikicha kwa mkono kwenye beseni mpaka kokwa zaachana na nyama, kisha anachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili, sukari, chumvi kidogo sana na iliki. Glasi ni shilingi 50. Una ule ukali unaokubana taya kabla ya utamu kufika, na si ule wa kuongezwa maji mpaka umebaki rangi tu. Mihogo ya kukaanga yuko nayo pia, ya ndimu na pilipili, lakini nenda kabla ya saa kumi na moja manake baada ya hapo yabaki ile midogo migumu ya chini ya karai.

Sasa kwa nini nazunguka na ukwaju. Kuna usiku nilikuwa nasoma kwa simu nikakutana na hili jambo la 1978. Nilikuwa nalisikia juu juu tu, lakini usiku ule nililisoma lote, kwamba kuanzia 1852 chini ya Brigham Young, rais wa pili wa kanisa, wanaume weusi hawakuruhusiwa kupewa ukuhani, ambao kwetu hupewa mwanamume yeyote anayestahili, na weusi wake kwa waume hawakuruhusiwa zile ibada kuu za hekaluni, mpaka Juni 1978. Babangu amezaliwa kabla ya 1978. Nilihesabu miaka nikalia. Na kilichoniumiza zaidi ni kujua kwamba Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani 1836 Joseph Smith mwenyewe, mwanzilishi wa kanisa, akiwa hai, yaani mlango ulikuwa wazi kisha ukafungwa. Ukishaanza kusoma husimami, nikaingia kwa yale masimulizi ya Ono la Kwanza, Joseph Smith akieleza alivyotokewa na Mungu ujanani, ambayo yako manne, ya 1832, 1835, 1838 na 1842, na hayalingani kila kitu, lile la kwanza amtaja Bwana, lile tulilofundishwa sote lina Baba na Mwana. Wiki tatu nilikuwa naenda kanisani naimba na mdomo tu.

Aliyenipeleka kibandani ni dada mmoja wa kanisani, kwa umri ni mamangu kabisa, kanisani ni Dada lakini nje namwita Mama na shikamoo yake haikosi. Aliona sipokei sakramenti vizuri akaniambia tu Jumamosi twende mjini unisindikize. Tukaketi, akaagiza mbili, akaniambia sema. Nikasema yote. Sikupata mahubiri. Alitoa simu akafungua makala ambayo kanisa lenyewe liliweka kwenye tovuti yake 2013 kuhusu rangi na ukuhani, iko kwa Kiingereza akawa ananisomea anatafsiri polepole, pale kanisa linapoyakana yale maelezo ya zamani kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Akasema, "Mwanangu, hii nililia nayo kabla yako." Mpaka leo hilo neno ndo limenishika. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeoza ndani, kumbe aliyekaa safu ya mbele miaka yote amelia na jambo lile lile na bado Jumapili anapanga viti.

Makala haina kuomba msamaha ndani yake na hilo bado lanichoma, nimemwambia na yeye akakubali lamchoma. Tumeliacha hapo.

Kisha kuna jambo la ushuhuda, na hapa nataka wenzangu msikize vizuri. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi watu wasimama wanasema najua kanisa hili ni la kweli, najua, najua. Mimi nilikuwa siwezi kusema najua, nikaona basi nimeshatoka. Yule dada akanifungulia Mafundisho na Maagano, kitabu chetu kimoja cha maandiko, sehemu ya 46, pale pasemapo kwamba wengine wamepewa na Roho kujua, na wengine wamepewa kuamini maneno ya hao. Kuamini pia ni kipawa, kimeandikwa pamoja na kile kingine, mstari unaofuata. Nimekulia humu na nilikuwa sijawahi kuuona. Mwezi uliofuata nilisimama nikasema natumaini, na Yesu Kristo namwamini, nikaketi. Hakuna aliyenitoa nje.

Hekalu la Nairobi limefunguliwa 2025 na wengi wetu Mombasa twapanga safari. Mahojiano ya kupata kibali cha kuingia hekaluni yauliza kama una imani na ushuhuda, na hilo jibu bado nalitafuta, sitaki kudanganya mle ndani. Jumamosi mbili nzima zimeishia hapo na glasi nne kila mara.

Kasoro za kibanda ziko. Mabenchi ni mawili tu na moja mguu wake umelegea, ukae upande wa ukutani. Sukari ni nyingi mno, sema mapema "sukari kidogo mama" kabla hajatia. Barafu yaisha. Ijumaa hafungui mpaka watu watoke msikitini, na Ramadhani ni baada ya futari tu. Saa ya alasiri akienda kuswali anakuachia kibanda ukiwa umeketi, pesa waweka kwenye kopo, na redio anaipunguza akiona mwaongea kwa sauti ya chini.

Wiki jana nilikwenda na msichana aliyebatizwa juzi juzi, naye amesoma 1978 kwenye intaneti. Aliongea mpaka barafu yote ikayeyuka kwenye glasi yake hajaonja. Mama wa ukwaju akaja akaichukua, akamwaga, akamletea nyingine iliyojaa, na tulipolipa akahesabu mbili.

Nyota nne kwa tano, ile moja ni ya benchi.