TAHADHARI: Asetoni feki Malindi, lori la Babu limekwisha

Nimetapeliwa mchana kweupe na bado damu inanichemka. Kuna muuza rangi hapa Malindi anauza maji ya kostiki soda kwa jina la asetoni. Jina silitaji hapa, anayelitaka aniulize faraghani.

Na msinicheke. Lile lori la Babu, kigari cha kuchezea cha zamani cha Dinky, mnalijua, na mnajua nilivyokuwa na hamu ya kulipaka upya. Msasa sikutaka kutia, rangi za zamani zile zina madini ya risasi yenye sumu, vumbi lake si la kuvuta na watoto wamo ndani. Asetoni ndiyo dawa yake: inatoa rangi, chuma haikigusi, bora utangulize kutoa plastiki na mipira.

Nikaenda. Huyu bwana hakuniuzia hivi hivi, alinifanyia maonyesho. Akatoa chupa chini ya meza, akalowesha pamba, akachukua kufuli kuukuu lililopakwa kijani, akasugua mara mbili tatu. Rangi ikatoka yote, pamba ikawa kijani, harufu ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha ikajaa duka zima. "Umeona, sheikh? Mzigo wa Mombasa huu, haujachanganywa." Sasa hapo wewe ungekataa? Isitoshe ni mtu tunayesali naye, na ami yangu miaka yote hununua kwake rangi ya mashua. Nikatoa elfu moja na mia tano, taslimu, maana till eti ina matatizo. Akainama, akainuka na chupa imezongwa gazeti. Pamba ilikuwa bado iko mezani inanuka, nami nikadhani ninachonusa ndicho ninachonunua.

Usiku nikalitumbukiza lori koponi, nikafunika. Viputo vikaanza kupanda kwenye magurudumu, nikasema alhamdulillahi, dawa inafanya kazi. Magurudumu yale ni ya alumini! Asubuhi nakuta vipande vipande, bodi imekuwa nyeusi, mashimo mashimo, herufi za chini hazisomeki tena. Nikalitoa kwa mkono, vidole vikateleza kama nimeshika sabuni, kisha vikaanza kuniwaka. Jirani anayetengeneza sabuni ndiye aliyeitambua: hii kostiki. Inakula alumini, inakula na zinki, na vigari hivi vya madini ya kumimina kwenye kalibu sehemu kubwa ni zinki.

Nimerudi dukani, ananiambia mali ikishatoka haina kurudi, mbele ya wateja, na kucheka juu. Je, angekuwa mtoto ndiye aliyetia mkono? Mtu huyu si wa kuachwa. KEBS, wale wa viwango vya bidhaa, waje wabebe kila chupa iliyo chini ya ile meza, leseni afutiwe, alipe lori, alale ndani hata usiku mmoja aonje. Sitaki kusikia habari za "msamehe, ni mtu wa kwetu". Wa kwetu ndiyo wanatumaliza.

Ah, namna ya kuijua: asetoni ya kweli inanuka kwa nguvu, na ukidondosha kidogo kwenye kifuniko inakauka upesi. Msiijaribu kwa kidole. Ile aliyokuonyesha ndiyo ubebe, si nyingine, na ifunguliwe hapo hapo kabla ya pesa kutoka. Akianza kuona haya kuifungua, ondoka.

Chupa ninayo, na gazeti lake. Ijumaa baada ya sala namfuata tena pamoja na ami. Anayetaka kuandamana nasi aseme mapema.