Vitamutamu vya Kijapani kwa anayeanza: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kila nikipokea mgeni huku Fukuoka swali ni lile lile, ninunue kitamu gani, na wengi wanapouliza wanakuwa wameshanunua tayari, wamechukua kile kilichopendeza machoni kwenye kabati la kioo. Mimi ni wa Unguja, huu mwaka wa nne nakaa huku, navila hivi vitu karibu kila wiki na navipenda kwa kweli, ndo maana inaniuma nikimwona mtu anang'ata mara moja, anakunja uso, anakiweka chini na kusema Wajapani hawajui sukari. Wanajua sana. Tatizo ameanza pabaya.

Kabla ya kushika pochi jua neno moja, anko. Ni maharage madogo mekundu yanaitwa azuki, yanachemshwa na sukari mpaka yanakuwa mazito, na yamo karibu kwenye kila kitamu cha jadi hapa, vile wanavyoita wagashi. Kuna tsubuan, hiyo bado ina punje na maganda, na koshian iliyochujwa ikawa laini kabisa. Sisi maharage tunayajua ya nazi na chumvi, tunayala na chapati, sasa ulimi ukikutana nayo ndani ya keki unashtuka, hiyo ni kawaida na inapita, mara ya tatu ya nne hivi utaanza kuitafuta mwenyewe. Alafu usile kavukavu. Halua unaila na nini? Na kahawa chungu, na ule uchungu ndo unaifanya halua iwe halua. Huku ni hivo hivo na chai ya kijani isiyo na sukari, chukua hata ya chupa, kitu kile kile ulichosema kimezidi sukari kinakaa sawa mdomoni.

Namba moja ya kuanzia ni dorayaki na sibishani na mtu. Ni vichapati viwili vya mayai vilaini, katikati anko, basi. Kama ulikuwa unaangalia katuni ya Doraemon ndo kile chakula chake. Naiweka juu kwa sababu ile keki ya nje ulimi wako unaijua, kwahiyo maharage yanaingia taratibu, pia inauzwa kila konbini (vile viduka vidogo vya karibu vya vitu vya haraka) na supamaketi kwa chini ya yeni 200, yaani ukiichukia hujapoteza kitu. Ila kwa Waislamu wenzangu, soma nyuma ya paketi, dorayaki nyingi zinatiwa mirin (みりん), mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, kwenye unga na mirin ina kilevi. Zisizo na mirin zipo, ni kutafuta tu.

Namba mbili kasutera, na hapa niruhusuni niseme kidogo manake hii stori inatuhusu. Wareno hao hao waliojenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593 walikuwa wameshafika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Kyushu (kisiwa kikubwa ilipo Fukuoka), mwaka 1543, wakaanza biashara na dini na wakaleta mapishi yao ya mayai na sukari. Sisi walituachia meza, leso na gereza, Wajapani wakawaachia neno pan, yaani mkate, na hii keki ambayo jina lake linatokana na Castilla ya Hispania. Nagasaki ndo kwao, duka la Fukusaya liko pale tangu 1624 na mpaka leo wanaoka. Mayai, sukari, unga, na asali ya wanga inayoitwa mizuame, siagi hakuna, mafuta hakuna, na bado inalowana vizuri kuliko keki nyingi zenye siagi. Ukipata nzuri utakuta chini kabisa kuna chembe za sukari zinazosagika kwenye meno, hiyo si kasoro, usizikwangue! Mara ya kwanza nilivyoila nilikumbuka mkate wa mayai wa nyumbani, nikanyamaza kidogo. Boksi la duka la jina linapita yeni 1,000, vipande vya supamaketi ni rahisi zaidi na kwa kujaribu vinatosha.

Sasa mochi. Kila mtu anakuja akiitaka hii, na mimi naiweka ya tatu kwa makusudi. Ni wali wa kunata uliopondwa mpaka unavutika, ukijazwa anko unaitwa daifuku, na ukiwekwa stroberi nzima ndani ni ichigo daifuku, nayo ndo ya kuanzia kwa sababu ule uchachu wa tunda unakata sukari. Msimu wake ni baridi mpaka mwanzo wa masika, nje ya hapo usiihangaikie. Mochi nzuri haikai. Kesho yake imeshakakamaa, na friji inaikakamaza haraka zaidi, kwahiyo nunua unayoila leo. Zile za supamaketi zinazobaki laini siku kadhaa zinatiwa sukari kwenye mochi yenyewe, si mbaya, ila si ile. Na tafadhali kata vipande vidogo, tafuna sawasawa, hasa ukiwapa wazee na watoto, kila mwaka mpya huku kuna wazee wanakabwa na mochi na wengine wanafariki, hili nalisema kwa uzito wote.

Ukifika Fukuoka panda treni uende Dazaifu ukale umegae mochi, imechomwa kwenye chuma mbele ya macho yako, nje inakwaruza kidogo ndani anko ya moto, ina muhuri wa ua la ume (kwa Kijapani ni mti wa matunda kama plamu) ila ladha ya tunda hilo haimo. Ukiila ikiwa moto pale njiani kuelekea kwenye hekalu, dorayaki inaweza kupoteza namba moja yake.

Ya nne mitarashi dango, vidonge vya unga wa mchele kwenye kijiti, juu mchuzi wa sukari na soya. Chumvi na sukari pamoja, wengine wanashindwa. Mtu aliyekulia vipopoo vidonge atavijua papo hapo, ni ule mchuzi tu umebadilika, badala ya tui na iliki umekuta soya. Pakti ya vijiti vitatu ni hela ndogo sana.

Ya tano yokan, na hii ndo ninayoipenda kuliko zote ila sikupi kwanza. Ni anko iliyogandishwa kwa kanten, kanten inatoka kwenye mwani, sio ule wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani, ni aina nyengine, lakini kazi ya kugandisha ni ile ile. Inakatwa vipande vyembamba kama halua, nzito, sukari nyingi, na herufi zake ukizitafsiri moja moja utapata kondoo na supu, usiogope, jina lilitoka China kwenye supu ya kondoo kweli lakini watawa wa Kibuddha hawali nyama wakaweka maharage. Ya Toraya, duka lililoanzia Kyoto karne ya 16, ndo ya kumpelekea mtu unayemheshimu. Ikiwa imefungwa bado inakaa karibu mwaka mzima.

Na hapo ndo kwenye zawadi. Mwaka wa kwanza nilibeba daifuku za duka zuri mpaka Unguja, mama alivyofungua boksi zilikuwa ngumu kama kokoto na zimeshaanza kunuka, nikaumia sana. Sa hivi nabeba yokan na konpeito, zile pipi ndogo za nyota. Hizo nazo ni za Wareno, padri Luís Fróis alimpelekea mbabe wa vita Oda Nobunaga chupa ya konpeito mwaka 1569, na kutengeneza inachukua wiki mbili hivi za kuzungusha sukari kwenye sufuria, watoto wanazigombania. Kwenye paketi angalia tarehe: 賞味期限 ni ladha nzuri mpaka siku hiyo, 消費期限 ni usile baada ya hapo. Ukiona hiyo ya pili usiitie kwenye begi.

Vile vya mwisho ni nerikiri, maua na majani ya kila msimu yaliyofinyangwa kwa mkono, ndo vile vya kwenye kabati la kioo. Ni vizuri ajabu na ni karibu anko tupu, ya maharage meupe. Ukishaizoea anko rudi ukavinunue, vile na matcha nzito, ile chai ya kijani ya unga, utaelewa.

Purin (pudini ya mayai na maziwa), mousse na keki za krimu za konbini sijazipanga kwa sababu ya viambato. Tazama ゼラチン, hiyo ni jelatini na mara nyingi ya nguruwe, 洋酒 ni pombe ya kizungu, 酒精 ni alkoholi ya kuhifadhi, 豚 ni nguruwe mwenyewe. Piga picha hii aya ukae nayo kwenye simu. Wagashi nyingi ziko salama zaidi, maharage, mchele, sukari, mwani, lakini soma tu.

Kuhusu hela, ukibeba kodi ni asilimia 8, ukikaa kula dukani ni 10, kwahiyo beba. Na usikimbilie asubuhi, nenda supamaketi au kwenye maduka ya chini ya ardhi ya depato (yale majengo makubwa ya maduka) jioni karibu na kufunga, vile vya siku moja vinaanza kubandikwa stika, ukiona 半額 ni nusu bei, chukua na ule usiku huo huo.