Unataka eabrashi ya kupaka modeli? Soma kwanza kabla hujatoa hela

Eabrashi ni kile kikalamu cha kunyunyizia rangi kwa upepo, na kila mtu anataka nimtajie moja tu akanunue, nikimuuliza unapaka nini anasema kila kitu. Haya. Mi niko Dar, napaka modeli za majahazi na ndege za plastiki, mara mojamoja mapanga na ngao za bandia za watu wa maigizo.

Chukua yenye kikombe cha rangi juu na triga ya kazi mbili, ukibonyeza inatoa upepo ukivuta nyuma inatoa rangi. Na usikimbilie nozo, yaani kile kimdomo cha kutolea rangi, ya milimita 0.2 eti ndogo ndo kali, kwa joto letu hili rangi ya akriliki inakauka mdomoni kabla hujamaliza bawa moja, muda wote uko unabandua gamba kwenye ncha ya sindano. Modeli 0.3 mpaka 0.4 inatosha sana, vitu vikubwa na praima, ile rangi ya msingi ya kwanza, nenda 0.5.

Namba 1 kwangu ni Iwata Eclipse HP-CS. Ya Japani, nozo 0.35, na nozo yenyewe haina nyuzi za skrubu, unaidumbukiza inakaa sawa basi unafunga kofia yake kwa vidole. Bei inauma, sikudanganyi. Ila hili la nozo lisiingie sikio hili likatokea lile, maana eabrashi yangu ya kwanza ilikuwa ya bei poa, nozo yake ndogo kuliko punje ya mchele, inafungwa na kispana kama cha kuchezea, usiku mmoja nikakaza kidogo tu, tik, shingo ikakatika nyuzi zikabaki humo ndani. Muuzaji aliyeniapia spea zipo akaniambia ninunue nyingine nzima.

2. Badger Patriot 105, Mmarekani, nozo 0.5. Kama kazi yako ni mangao na mahelmeti ipandishe iwe ya kwanza, inakunywa rangi nzito na haideki. Mstari mwembamba wa kamba za tanga usiidai sana. Nyuzi zake za kufungia paipu ya upepo ni za kwake peke yake, kwa hiyo agiza na adapta palepale.

3. Harder & Steenbeck Evolution, Mjerumani. Unaifungua yote kwa mkono, na ile seti ya mbili kwa moja inakuja na nozo mbili, ndogo na kubwa. Kwa kazi ndogondogo inaipita hata Iwata, nimeishusha kwa sababu ya spea tu, kama una ndugu Ulaya wa kukutumia basi panga upya mwenyewe.

4. Za Kichina zisizo na jina. Kujifunzia sawa, ila nunua na nozo na sindano za akiba siku hiyohiyo, usidhani ya hii itaingia kwenye ile hata kama zimefanana kama mapacha.

Ya mwisho ni zile za kuchaji za watu wa kucha na keki. Presha ndogo, praima inaishinda. Ruka.

Hela itakayobaki peleka kwenye kompresa, mashine ya kusukuma upepo, yenye tangi, hata la lita 3, na regyuleta ya kupunguza presha yenye geji na filta ya maji. Bila tangi upepo unadundadunda na rangi inadundadunda nayo. Filta ndo usiguse kabisa kuiondoa, hewa yetu ya pwani ina maji, masika moja nilikuwa namalizia tanga jeupe likatemewa matone matatu katikati, ikabidi nikwangue lote. Modeli piga presha ya psi 15 mpaka 20 kwenye geji, praima ya vitu vikubwa panda mpaka 25 hivi. Na vaa maski yenye filta ya mvuke, ile ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

Halafu ukienda kuosha ziba tundu la sinki kwanza. Nozo yangu ya pili iliondoka na maji ya sabuni.